Guta lililotumika lipime likiwa na mzigo

Leo naiacha mbolea kidogo, niongelee maguta.

Kila msimu wa mavuno hapa Sumbawanga naona kijana ananunua guta lililotumika. Anawasha injini, anasikiliza mlio, anaangalia rangi, anahesabu hela. Chini ya bodi hainami kabisa. Hapo ndipo mnapopigwa.

Mwaka juzi nilipanda guta la mkulima mmoja tukishuka barabara ya Ntendo–Muze. Ile miteremko mnaijua: unatoka huku juu Ufipa, mita kama 1,800, unatumbukia bonde la Ziwa Rukwa, mita 800 hivi. Tulibeba magunia sita ya viazi. Kila shimo, krrr! upande wa nyuma. Jamaa akasema ni bodi tu inalia. Kwenye kona tukasikia harufu ya mpira, mara tairi la kushoto likapasuka. Bahati yetu tulikuwa upande wa mlima, sio wa korongo. Tulipoinama tukakuta chuma cha chini ya bodi kinang'aa kama sufuria mpya. Tairi lilikuwa linakisugua siku nyingi.

Aliyemuuzia alikuwa ameweka tairi za 5.00-12 mahali pa 4.50-12, na springi zilishachoka. Guta likiwa tupu, nafasi ilionekana ipo.

Ndiyo maana nasema dai kupima likiwa na mzigo. Kama hamna magunia, pandisheni watu. Pima kwa vidole kati ya tairi na bodi, kushoto na kulia. Mimi chini ya vidole vinne sichukui, maana kwenye shimo springi italala zaidi ya hapo. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, tafuta jani lililopasuka, hasa pale katikati karibu na bolti. Kisha chukua kamba, pima kutoka ekseli hadi fremu pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, ekseli imehama. Mbele, shika breki ukandamize usukani: mafuta yakichuruzika kwenye shokapu, mpunguzie muuzaji bei au ondoka.

Mafundi wengi watakwambia uongeze jani la springi. Hapo sikubaliani nao. Jani jipya juu ya yaliyochoka linabeba karibu kila kitu lenyewe, halafu linakatika. Na mkishaona bodi imenyanyuka, nawajua, mnaongeza gunia! Badilisha springi zote, pande zote mbili, na urudishie saizi ya tairi iliyokuja na guta.

Yule kijana alifanya hivyo. Sasa anashuka na magunia manne, na kila tukikutana ananilalamikia kwamba safari zimezidi na mafuta anayotumia yamepanda. Ni kweli, yamepanda.