Tudai Basi la Uwanja wa Ndege, Tudai na la Usiku

Wananchi wenzangu wa Unguja, tangu Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi hulazimika kukata bima ya dola 44 ndipo aingie kwetu. Wengi hulipa na viza, na hotelini kuna tozo ya kila usiku. Akitoka Terminal III pale Kisauni, jengo zuri kwa kweli, haoni basi la umma lenye nauli iliyobandikwa kwenye kioo. Anakutana na teksi, mapapasi na mabishano ya bei. Daladala ya 505 ipo, inakwenda mjini, lakini nani kamwambia? Na lile begi lake atampakatisha nani?

Najua kuna atakayesema mtalii ana pesa zake, ajijue. Haya, twende Nungwi saa nne za usiku. Mhudumu wa hoteli kavua sare, nyumbani kwake Mwanakwerekwe, zaidi ya kilomita 50. Daladala za 116 za njia hiyo zimeshalala. Ama atafute bodaboda kwa bei ya juu, ama ajibanze kwa mwenzake hadi alfajiri. Akiwa mwanamke, hofu ya njiani ni juu yake peke yake. Saa hiyo hiyo kuna mgeni aliyechelewa Forodhani anatafuta gari la kurudi Nungwi. Basi moja lingempeleka huyu na kumrudisha yule.

Hoteli kubwa zimejinunulia magari yao, na hapo ndipo serikali ilipopata pa kupumulia. Mwaka 2024 tulipokea watalii zaidi ya 700,000. Safari zao haziwezi kuachiwa kila mtu na dereva wake. Barabara zimejengwa, tunashukuru, lakini lami haibebi abiria.

Madereva wa teksi wasituone maadui. Nao wanahitaji kituo rasmi, zamu na bei elekezi kwa shilingi, wapumzike kugombania mteja mlangoni. Tuwaite vikaoni mapema, kabla hawajasikia habari hii kwa watu.

Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti Mei na Juni. Kabla ya hapo, kila shehia imwandikie mwakilishi wake: basi la uwanja wa ndege lenye nafasi ya mizigo, na gari za usiku za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Wafanyakazi wa hoteli, kazi kubwa ni yenu. Andikeni saa mnazotoka kazini na shehia mnazokaa, bila majina mkipenda. Wizara inayosimamia uchukuzi ikiuliza abiria wa usiku wako wapi, tuwe na karatasi mkononi. Zianze kuzunguka wiki hii, jikoni na mapokezi, kila zamu inapobadilishana.