Sekunde Chache Zinazolinda Matangazo ya Moja kwa Moja Redioni

Mtambo wa kuchelewesha matangazo huhifadhi sauti katika kumbukumbu kwa sekunde chache, aghalabu saba hivi, kabla ya kuirusha hewani. Msikilizaji aliyepiga simu akitoa tusi au uchochezi, mtangazaji au fundi mitambo hubonyeza kitufe na maneno hayo hufutwa kabla hayajawafikia wananchi. Baada ya hapo mtambo hurefusha kidogo kidogo sauti inayofuata hadi akiba ya muda irejee. Kabla haijarejea, kinga huwa pungufu.

Teknolojia hiyo si mpya. Kituo cha WKAP cha Allentown, Marekani, kinatajwa miongoni mwa vilivyoanza kuitumia, mwaka 1952, kwa utepe wa sauti.

Umuhimu wake katika ukanda wa Afrika Mashariki ulionekana nchini Kenya. Tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zilipozuka baada ya kutangazwa matokeo ya Uchaguzi Mkuu, Serikali ya nchi hiyo ilisitisha matangazo yote ya moja kwa moja. Mwaka 2008, Tume ya Uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza kuwa baadhi ya redio za lugha za asili zilichangia kueneza chuki. Hata hivyo, katazo la jumla halibagui: huzuia uchochezi pamoja na taarifa ambazo mwananchi huzihitaji zaidi wakati wa taharuki. Mtambo wa kuchelewesha hutoa njia ya kati, kwani kauli moja huondolewa na mjadala ukaendelea.

Pamoja na hayo, mtambo hautambui maana. Anayebonyeza kitufe ana sekunde chache tu za kutofautisha uchochezi na ukosoaji halali wa kiongozi. Asipoielewa lugha ya mpigaji simu, au fumbo lililomo katika methali, atafuta lisilo na kosa na kupitisha lenye madhara.

Kwa Tanzania, Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua uhuru wa maoni na haki ya kupewa taarifa. Hivyo, kituo kinachofunga mtambo huo hakina budi kuwaandaa watumishi wake na kuwapa mwongozo ulio wazi, ili kitufe kiwakinge wasikilizaji dhidi ya madhara bila kuzima sauti ya mwananchi mwenye hoja.