Si pombe iliyowafilisi wanamuziki wetu

Jumapili iliyopita, ndani ya daladala, redio ilikuwa inapiga zilipendwa. Wimbo ulipoisha mtangazaji akasema wazee hawa walikula ujana, pesa zao zote zikaishia kwenye pombe na wanawake. Abiria wakacheka. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu kwa hasira.

Pesa zipi? Nani aliziona?

Baba yangu mdogo alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya shirika moja la umma hapa Dar es Salaam. Tarumbeta ya shirika, sare ya shirika, hata jina la bendi la shirika. Kwenye vitabu aliandikwa kibarua, analipwa posho. Alitunga nyimbo ambazo hadi leo watu wanazicheza harusini. Siku alipoachishwa alirudisha tarumbeta, akasaini daftari la stoo, akaondoka na begi la nguo. Na hakuwahi kuonja bia. Alikuwa mtu wa swala tano. Amekufa anadaiwa kodi ya chumba.

Muziki wetu uliendeshwa hivyo. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa 1964 ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo havikuwa vya wapigaji. COSOTA, chombo kilichoundwa kuwakusanyia watunzi mirabaha, kilikuja na sheria ya 1999, wakati baadhi yao walishazikwa.

Halafu utasikia: "Lakini fulani alikuwa mlevi bwana, mimi nilimwona!" Ulimwona. Na yule karani wa bandarini aliyekaa naye meza moja, hukumwona? Walikunywa bia zile zile, usiku ule ule, kisha karani akastaafu na pensheni. Kama pombe ndiyo inayofilisi, nusu ya wastaafu wa mji huu wangekuwa ombaomba.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939, haki zake akaziachia kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukaingia hadi kwenye filamu ya The Lion King. Mwenyewe alikufa fukara mwaka 1962, na familia yake ikafikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Naye tuseme alizinywa zile shilingi 10?

Tunapenda hadithi ya ulevi kwa sababu inatusafisha. Harusini mpambaji analipwa kabla hajafunga kitambaa, bendi inaambiwa isubiri michango ikamilike. Mwanamuziki akiugua simu hazipokelewi. Akifa, kamati inaundwa siku hiyo hiyo na fulana zenye picha yake zinachapishwa.

Na vijana wanalishwa uongo huo huo: usinywe, jiheshimu, utatoka. Mwezi uliopita nilimuuliza kijana mmoja ambaye wimbo wake unapigwa kwenye kila bodaboda: umesajiliwa kwa jina la nani? Akasema hajui, labda la prodyuza, hawakuandikiana. Kijana huyu hanywi, havuti, anaimba kwaya kanisani kwao. Miaka 30 ijayo mtangazaji mwingine atasema alikula ujana.

Jumapili ijayo huenda wakapiga tena wimbo wa baba mdogo. Mjane wake, Temeke, ana redio ndogo ya betri. Betri ananunua mwenyewe.