"Cha Mchina" si kipimo cha ubora

Katika mazungumzo yetu, kusema kitu ni "cha Mchina" ni kukihukumu bila kukisikiliza. Nimewasikia hata wanafunzi wa shahada ya uzamili wakilitumia neno hilo kana kwamba ni kipimo cha maabara. Nachukua mfano mmoja tu, saa za mkono zinazoendeshwa kwa kamani badala ya betri, maana hapo ndipo hukumu hiyo inaposhindwa waziwazi.

China haikuanza jana kuziunda. Saa yake ya kwanza ya mkono ilitengenezwa Tianjin mwaka 1955. Mwaka 1961 ilinunua kutoka kampuni ya Uswisi, Venus, mitambo ya kuundia saa zenye kipima-muda, zilizokusudiwa marubani wa jeshi la anga. Mashine ya saa iliyotokana na ununuzi huo ingali ikiundwa Tianjin kwa jina la ST19, nayo imo katika saa zinazouzwa kwa dola mia mbili na ushei. Saa ya Uswisi ya aina hiyo huuzwa mara kadhaa ya bei hiyo.

Je, zinaaminika? Usanifu wake unaaminika. Kisichoaminika ni ukaguzi. Siku ina sekunde 86,400. Saa ikipotoka sekunde 15 kwa siku, kosa lake halijafika sehemu 2 katika 10,000, na hilo si jambo la aibu kwa chuma kinachojiendesha chenyewe. Lakini saa mbili zenye mashine ya aina moja zaweza kutofautiana vibaya: moja imetiwa mafuta sawasawa na kurekebishwa mwendo, nyingine imefungwa na vumbi ndani. Sehemu ya bei ni muda ambao mtu ameutumia kuikagua. Anayeagiza ndiye anayeamua kuulipia muda huo au kutoulipia.

Kwa sababu hiyo neno "cha Mchina" linanikera: linamficha mwagizaji wetu. Mfanyabiashara anayeleta saa zenye jina la Uswisi kwa bei ya sahani ya pilau hakudanganywa na mtu, alijua alichokiagiza. Saa yenye jina lake halisi la Kichina ni bidhaa halali. Yenye jina la kuibwa ni ghushi, hata ikienda barabara. Sisi tunazitia zote kapu moja, kisha tunailaumu nchi nzima.

Sizisifu kupita kiasi. Kuifungua na kuisafisha saa ya bei nafuu kwaweza kugharimu karibu sawa na kununua mpya, na fundi saa wa mtaani huenda asipate kipuri chake. Mwanafunzi anayetaka tu kuwahi mtihani anunue ya betri; ni rahisi, tena sahihi zaidi. Anayetaka ya kamani amdai muuzaji dhamana ya maandishi yenye jina la mwagizaji. Na ninyi watumishi wa forodha na viwango mnaonisoma, anzeni na jina hilohilo.