Tusipande Miche Kisha Tukaiacha Ife



Ndugu zetu katika imani, sote tunaijua hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi huwa ni sadaka yake. Hutajwa kila tunapogawa miche. Nia njema ina malipo yake kwa Allah (S.W.), lakini mche uliokauka mwezi wa Julai haumlishi ndege wala mtoto.

Maoni yangu ni haya: heri familia ipewe miche mitatu yenye mlezi kuliko thelathini isiyo na mlezi.

Hapa Nakivale, wilayani Isingiro, wakimbizi wamepokewa tangu mwisho wa miaka ya 1950, na miti mingi imekwisha kwa kuni na ujenzi. Mvua kubwa huja mara mbili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kinachoua. Mpera, mkomamanga au mhina ulionunuliwa kwenye kitalu cha Mbarara ulizoea kivuli na maji ya kila siku. Mizizi yake yote imo ndani ya kiriba kidogo. Ukiupanda Mei, kiangazi kinaukuta haujashika ardhi.

Kwa hiyo tupande mvua zinapoanza. Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba, lakini mche usizame kuliko ulivyokuwa kitaluni. Kiriba kiondolewe chote, na mizizi iliyojizungusha ifunguliwe taratibu. Tuweke kingo ya udongo kuzunguka mche ili maji yasikimbie, na majani makavu juu ya udongo, yakae mbali kidogo na shina, maana yakiligusa huoza na mchwa hupata njia. Tuzungushie miiba, kwani mbuzi hana subira.

Maji nayo yasinyunyizwe kidogo kidogo kila jioni. Hayo hulowesha juu tu, na mizizi hubaki juu ikiyasubiri. Ni bora kumwagilia polepole mpaka yafike chini, mara mbili kwa wiki mwanzoni, kisha kupunguza mche unapoanza kutoa majani mapya.

Wako watakaouliza: tunapanga foleni na jerikeni kwa maji ya kunywa, ya miche yatoke wapi? Ni swali la haki, na mtoto aliye na kiu ana haki kabla ya mti. Lakini maji ya udhu hayana sabuni. Tukitawadha juu ya beseni badala ya kuyaacha yapotelee uani, mche mmoja umepata fungu lake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Hata tukitumia zaidi ya hapo, yale yanayobaki yasiende bure.

Wazazi, kila mche uwe na jina la mtoto anayeutunza. Nanyi wanafunzi mlioko Mbarara mnaotuletea miche, tunawashukuru sana. Ila tunawaomba mrudi tena Agosti, mhesabu iliyo hai. Hesabu hiyo ndiyo itangazwe msikitini, siyo ile ya siku ya kugawa.

Allah atutakabalie. Wabillahi tawfiq.