Udahili wa Vyuo Vikuu: Maswali Yanayostahili Majibu Kabla ya Kuthibitisha

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila mwaka, mara baada ya matokeo ya Kidato cha Sita kutangazwa, macho ya familia nyingi nchini huelekezwa kwenye matangazo mawili. La kwanza ni la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), linalofungua dirisha la udahili. La pili ni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), linaloeleza utaratibu wa kuomba mkopo. Matangazo hayo hujibu mambo ya msingi: nani ana sifa, maombi yanatumwa wapi, na mwisho wa kutuma ni lini.

Katika Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia, ambayo kila mwaka hukutanisha vyuo na wananchi kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, swali linalotawala mezani ni moja: "Je, kwa alama hizi nitapata chuo?" Ni swali la haki. Hata hivyo, kupata nafasi ni hatua ya mwanzo tu. Maswali yanayoamua iwapo kijana atamaliza masomo, na kwa daraja gani, mara nyingi huulizwa mwezi Novemba, wakati ada imekwishalipwa na sanduku limekwishafika bwenini. Uchambuzi huu unaangazia maswali hayo, ukitumia zaidi mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho utaratibu wake unafanana kwa sehemu kubwa na wa vyuo vingine nchini.

Kigezo cha chini si ahadi ya nafasi

Kwa mujibu wa vigezo vya TCU, mwombaji aliyehitimu Kidato cha Sita kuanzia mwaka 2016 anapaswa kuwa na ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hivyo mwenye D mbili anazo sifa za kuomba. Lakini kuwa na sifa za kuomba si sawa na kuchaguliwa. Programu zenye waombaji wengi huchagua kwa ushindani, na zipo zinazotaka masomo mahususi yenye alama mahususi, kama udaktari na uhandisi.

Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, badala ya kupitia mfumo mmoja wa pamoja uliotumika awali. Utaratibu huu umempa kijana uhuru wa kuchagua na, papo hapo, umemkabidhi wajibu wa kuchagua vizuri. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri ili athibitishe chuo kimoja tu. Kitendo hicho huchukua dakika chache kwenye simu, lakini hufungua mlango mmoja na kufunga mingine. Kwa sababu hiyo, maswali yote mazito yanapaswa kuwa yamejibiwa kabla ya namba hiyo kuingizwa.

Swali la kwanza: Shahada hii inanifikisha wapi?

Jina la programu peke yake halitoshi kumwongoza mwombaji. Anayechagua sheria hana budi kujua kwamba shahada yake haimfanyi kuwa wakili. Baada ya chuo kikuu atapaswa kupitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo katika taasisi iliyoanzishwa na Serikali kwa kazi hiyo, ndipo aombe kuandikishwa kuwa wakili. Anayechagua udaktari atasoma miaka 5, kisha atafanya mafunzo kazini kwa mwaka mmoja kabla ya kupata usajili kamili. Mhandisi husoma miaka 4 na husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hivyo ni muhimu ajue mapema iwapo programu aliyoiona inatambuliwa na bodi hiyo.

Tofauti hizi zina maana kubwa kwa bajeti ya kaya. Mzazi aliyejiandaa kwa miaka 3 anaweza kujikuta na safari ya miaka 5 au 6. Mwanafunzi anayeuliza mapema hupanga, asiyeuliza hushtukizwa.

Swali la pili: Kazi ya mwanafunzi ni saa ngapi?

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanapoiona ratiba yao hufurahi. Shuleni walizoea kengele kutoka asubuhi hadi jioni. Chuoni wanakuta siku yenye vipindi viwili au vitatu. Wengine huhitimisha kwamba chuo kikuu ni mahali pa mapumziko. Hapo ndipo kosa huanza.

Mfumo wa taifa wa tuzo za vyuo vikuu hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Shahada ya kwanza ya miaka 3 inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, ambazo ni saa 1,200. Ukizigawa saa hizo kwa wiki 30 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki, sawa na juma zima la mtumishi wa ofisini. Saa za kukaa mbele ya mhadhiri ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki ni za maktaba, maabara, semina, majadiliano ya vikundi na kuandika kazi. Ratiba yenye nafasi tupu haimaanishi kwamba hakuna kazi. Inamaanisha kwamba kazi imekabidhiwa mwanafunzi mwenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kawaida kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Maana yake ni kwamba jaribio la wiki ya sita, ambalo mgeni wa chuo anaweza kulidharau, tayari linajenga au kubomoa matokeo yake. Wastani wa jumla, maarufu kama GPA, hukokotolewa katika kipimo cha 5.0: daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu 3.5 na daraja la pili la chini 2.7. Masomo ya mwaka wa kwanza huhesabiwa pamoja na ya mwaka wa mwisho. Anayesema "nitajirekebisha mwaka wa tatu" anasahau kwamba atakuwa amekwishaandika sehemu kubwa ya cheti chake.

Swali la tatu: Fedha zitafika lini, na zitakaa muda gani?

HESLB, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutoa mikopo kwa kuzingatia uhitaji. Yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya zinazonufaika na mpango wa TASAF ni miongoni mwa makundi yanayoangaliwa kwa namna ya pekee, mradi nyaraka zao ziwe kamili. Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo pale vinapohitajika, hupaswa kuhakikiwa na mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania Bara ni RITA. Kijana anayeanza kutafuta cheti baada ya dirisha la mkopo kufunguliwa huwa amekwishapoteza muda asioweza kuurudisha.

Fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita "bumu", zilipandishwa katika miaka ya karibuni kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kwa aliyepangiwa kiwango kamili, malipo ya siku 60 ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika fedha nyingi kwa wakati mmoja, kiasi hicho huonekana kikubwa siku ya kwanza na hupungua kwa kasi siku ya ishirini. Isitoshe, fedha hizo hutoka baada ya mwanafunzi kufika chuoni, kusajiliwa na kusaini. Kwa hiyo nauli, chakula cha siku za mwanzo, bima ya afya na mahitaji ya chumbani vinapaswa kuandaliwa na familia, hata kwa yule mwenye mkopo wa asilimia 100.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba mkopo si ruzuku. Mnufaika huanza kurejesha miezi 24 baada ya kumaliza masomo, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo mwaka 2021, hatua iliyowapa wanufaika nafuu ya wazi. Hata hivyo, deni lenyewe linabaki, nalo ndilo hukopeshwa wadogo zao wanaofuata.

Swali la nne: Nitalala wapi?

Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kilikuwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Leo Mlimani pana maelfu kwa maelfu. Serikali imepanua miundombinu: mabweni ya Dkt. John Pombe Magufuli, yaliyozinduliwa Aprili 2017, yana uwezo wa kuchukua wanafunzi 3,840, na maktaba mpya iliyozinduliwa Novemba 2018 inaweza kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja. Kupitia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogharimu Dola za Marekani milioni 425, majengo mengine yanajengwa katika vyuo mbalimbali nchini.

Pamoja na jitihada hizo, vitanda havitoshi kila mwanafunzi, na wengi hupanga vyumba Msewe, Changanyikeni, Sinza na maeneo jirani. Tuchukue mfano wa binti anayetoka Kibondo, asiye na ndugu Dar es Salaam. Anafika stendi na begi, anaambiwa bweni limejaa, na mwenye nyumba anamtaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bumu bado. Kwake, swali la malazi si la starehe. Ni la usalama, afya na uwezo wa kufika kwenye kipindi cha saa moja asubuhi. Binti huyo angeomba nafasi ya bweni mara tu mfumo wa maombi ulipofunguliwa, na angejua mapema kwamba ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ndiyo ya kwenda anapokwama, huenda angepita wiki hizo za mwanzo bila kukosa kipindi hata kimoja.

Wajibu wa kila upande

Mwombaji anao wajibu wa kusoma mwongozo wa udahili wa TCU na taarifa za chuo chenyewe, badala ya kutegemea maneno ya vijiweni au watu wanaojiita mawakala, ambao Tume imekuwa ikitahadharisha mara kwa mara dhidi yao. Azungumze na mwanafunzi anayesoma programu hiyo sasa, amuulize siku yake inakwendaje, vitabu anavipata wapi, na ni somo gani linalowarudisha wengi kwenye mitihani ya marudio.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Tangazo la udahili hutolewa kwa Kiswahili na mzazi hulielewa, lakini mwongozo wa TCU wenye undani wa programu umeandikwa kwa Kiingereza. Hivyo mkulima anayeuza magunia ya mahindi ili mwanawe asafiri hana njia rahisi ya kujua anachokilipia. Kurasa chache za Kiswahili kwa kila programu, zikieleza miaka ya masomo, namna ya kupima wanafunzi, gharama halisi za kuishi, idadi ya vitanda vya mwaka wa kwanza na ngazi za kitaaluma zinazofuata shahada, zingemfikishia mzazi huyo taarifa anayostahili. Gharama ya kuziandaa ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya mwanafunzi mmoja anayeacha masomo kwa sababu ya jambo ambalo lingeweza kujulikana mwezi Julai.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Taifa linalowekeza katika mabweni, maktaba na mikopo lina kila sababu ya kutaka vijana wake waulize mapema. Kabla ya namba ya siri kuingizwa na neno "thibitisha" kubonyezwa, kijana na mzazi wakae pamoja wajibu maswali manne: shahada hii inafika wapi, kazi yake ni kiasi gani, fedha zitafika lini, na usiku wa kwanza atalala wapi. Mwenye majibu hayo athibitishe bila hofu. Asiye nayo bado ana siku chache za kuuliza, nazo azitumie.