Zimamoto ya Wenye Bima
Wapo wanaotuambia kwamba zimamoto ingekwenda vizuri zaidi mikononi mwa kampuni binafsi. London ilishajaribu, kwa zaidi ya miaka 150.

Baada ya moto mkubwa wa 1666, kampuni za bima zilianza kuajiri wazimaji wao na kubandika nembo ya madini ya risasi kwenye ukuta wa kila mteja. Husimuliwa kwamba nyumba isiyo na nembo iliachwa iteketee. Hadithi tamu, ila ushahidi wake hafifu: moto wa jirani huruka, na kampuni zilijua hivyo. Ubaya ulikuwa kwingine. Vikosi vilipimwa kwa mali iliyokatiwa bima. Mpangaji wa chumba kimoja hakuwamo kwenye hesabu. Mwaka 1833 kampuni ziliunganisha vikosi vyao chini ya James Braidwood: wazimaji 80 kwa jiji lenye watu zaidi ya milioni 1!

Juni 1861 maghala ya Tooley Street yakashika moto. Mto Thames ulikuwa umekupwa. Shahamu ikayeyuka, ikatiririka hadi mtoni huku ikiwaka. Ukuta ukamwangukia Braidwood, akafa. Moto ulidumu wiki mbili.

Kampuni zikafanyaje? Zikapandisha ada, kisha zikaiambia serikali kwamba mzigo huo haziutaki tena. Bunge likatunga sheria 1865, na Januari 1866 zimamoto ikawa ya umma.

Basi anayetaka tuwarudishie wafanyabiashara atujibu kwanza: siku hasara ikizidi faida, nani atabaki ameshika mpira wa maji?